Kubadili sura na vinasaba vya binadamu: mbona kinachotufikia haraka ni mkorogo, si tiba ya selimundu?

Mfamasia wa Temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikiletwa humu habari ya kubadili vinasaba vya binadamu, mjadala unakimbilia kwa watoto wa kuagiza: warefu, weupe, wenye akili kupita kiasi, wa matajiri peke yao. Naomba leo tuanzie hapa Dar. Sayansi ya kubadili mwili wa mtu imeshatufikia, ina maduka na ina wateja, ila imetufikia kinyume. Ile ya kumtoa mtu rangi aliyozaliwa nayo, yaani mkorogo wa krimu za kujichubua, iko Kariakoo, Tandika na Mbagala kwa bei ya sahani ya chipsi. Ile ya kumtoa mtoto kwenye maumivu ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ipo duniani tangu 2023, na huku kwetu hakuna mzazi wa kawaida anayeigusa. Kwangu mimi uovu umeanzia hapo, kabla hata hatujafika kwa hao watoto wa kuagiza.

Nafanya kazi duka la dawa. Karibu kila siku anakuja mtu, mara nyingi binti, siku hizi na vijana wa kiume, anataka tyubu ya klobetasoli. Ukimuuliza kama ana pumu ya ngozi anasema hapana, ni ya kuchanganyia. Klobetasoli ni miongoni mwa stiroidi kali kuliko zote za kupaka. Daktari huiandika kwa sehemu ndogo ya mwili, kwa wiki mbili hivi, halafu mtu anapumzika. Huyu anaipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka unakwisha. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, kidonda kidogo kinachelewa kufunga. Nyingine inapenya hadi kwenye damu: sukari inapanda, presha inapanda, na mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Akikatisha ghafla ngozi inawaka moto na inawasha mpaka halali, basi anairudia.

Haidrokwinoni ni kisa kingine. Inaizuia ngozi isitengeneze melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Ukiitumia kwa miaka chini ya jua la huku yanatoka mabaka meusi yenye ubuluu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, na hayo kuyaondoa ni kazi ngumu mno. Zebaki nayo inafifisha rangi, lakini inakwenda kuharibu figo, na mjamzito anampitishia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania imo, uliweka kikomo cha sehemu 1 ya zebaki kwa milioni kwenye krimu, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana vipodozi vya zebaki viondoke kabisa ifikapo 2025. Sheria zetu zilishavipiga marufuku tangu enzi za TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 kazi hiyo iko TBS, shirika la viwango. Mzigo unakamatwa, unateketezwa, na wiki haiishi uko sokoni tena kwenye kopo lisilo na jina. Sijagusa dripu za glutathioni za kung'arisha ngozi zinazotundikwa majumbani na watu ambao hawakusomea hata kuchoma sindano.

Sasa tazama upande wa pili. Selimundu ni kosa la herufi moja kwenye kinasaba cha himoglobini, katika kromosomu ya 11. Palipotakiwa A pamekaa T. Kwa kosa hilo tu chembe nyekundu za damu zinajipinda, zinaziba mishipa midogo, na mtoto analia usiku kucha mikono na miguu imevimba. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka, na asiyegunduliwa mapema mara nyingi hafikishi miaka 5.

Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha jinsi ya kuutumia mkasi wa CRISPR kukata kinasaba mahali unapotaka. Mwaka 2020 wakapewa Nobel ya kemia. Novemba 2023 Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba ya selimundu iliyotokana na mkasi huo, jina lake Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Haisahihishi ile herufi yenyewe. Kuna kinasaba kiitwacho BCL11A ambacho baada ya mtoto kuzaliwa huifunga himoglobini ya utotoni, ile anayokuwa nayo akiwa tumboni. Wanakilegeza hicho kwenye chembe za uloto, mle mfupani damu inamotengenezwa, ile himoglobini ya utotoni inarudi kazini, na chembe zinaacha kujipinda. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2. Piga hesabu: zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mgonjwa mmoja.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Mtu mzima anayeujua ukweli wote ana mamlaka juu ya mwili wake. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa, hata tiba ikiingia kwenye vinasaba. Lakini hakuna mwenye haki ya kumwandikia mtoto, na wajukuu wa mtoto huyo, sura anayoipenda yeye. Sheria yetu imekwishatamka jambo la jamii hiyo: tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai, hata mama na bibi wakisema ndio uzuri wake na ndio heshima ya ukoo. Wembe umekatazwa. Mkasi wa maabara uruhusiwe kwa sababu gani, ikiwa lengo ni lilelile la kumpendezesha mtoto machoni pa wengine?

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

---

Mpita Njia 77

Mkuu, uzi umeshiba. Naweka kambi.

---

Binti wa Sinza

Kaka Mfamasia, nimekusoma mpaka mwisho na ninakuheshimu. Lakini kwa nini kila mjadala wa mkorogo unaanza kwa binti anayenunua na haufiki kwa aliyemfanya anunue? Mimi nina saluni. Wateja wananiambia mambo ambayo dirishani kwako hawawezi kuyasema. Mmoja mumewe alimwambia amefubaa, akaanza kumtajia dada wa jirani. Mwingine alikwenda usaili wa kazi ya mapokezi akaambiwa wanatafuta mtu mwenye mvuto, na walipotangazwa waliopata akaona wote wamefanana rangi. Harusini mshereheshaji anashika kipaza sauti anamsifu bibi harusi mweupe pee, ukumbi mzima unapiga vigelegele. Hao wote hawajakamatwa na TBS.

Tena kujibadili hatukuletewa na meli. Bibi zetu wa Kimakonde walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya na wakachanja nyuso. Wamasai wanatanua masikio. Sisi wa pwani tuna hina, wanja na singo, mwari anasuguliwa siku kadhaa kabla ya harusi. Leo Mloganzila, hospitali ya umma kabisa, ina huduma ya upasuaji wa urembo. Mwanamke aliyezaa watoto wanne, tumbo limelegea hadi kwenye mikunjo kunatoka vidonda, akikatwa ile nyama ya ziada mnamhesabu upande gani? Wa tiba au wa kukufuru?

---

Mfamasia wa Temeke

Dada, kuhusu waliomfanya anunue sina la kupinga hata moja. Ndiyo maana nimesema ajue ukweli wote. Binti anayepaka ili asifukuzwe kazini au asiachwe hajachagua kwa uhuru, hata kama fedha ametoa mwenyewe mfukoni. Ningependa siku moja mwajiri wa aina hiyo ashitakiwe kama anavyoshitakiwa muuza krimu.

Huyo mama wa tumbo namhesabu upande wa tiba bila kusita. Hata angekuwa hana vidonda, ni mtu mzima, mwili ni wake. Tatizo langu ni ukweli anaouziwa. Chukua upasuaji wa kuongeza makalio: mafuta yananyonywa tumboni yanadungwa makalioni. Yakiingia kwenye mishipa mikubwa iliyo ndani ya msuli yanasafiri hadi kwenye moyo na mapafu, na mtu anaweza kufia mezani. Mwaka 2017 jopo la madaktari bingwa wa upasuaji huo lilikadiria kifo hadi 1 kwa kila wagonjwa 3,000, kiwango cha kutisha kwa jambo la hiari, na madaktari wakaonywa wasidunge ndani ya msuli. Mawakala wanaowatangazia dada zetu safari za Uturuki mitandaoni wanalisema hilo?

Ndonya naiheshimu, lakini msichana hakuulizwa alipotobolewa. Kwa kipimo changu nayo ina swali.

---

Ustadhi wa Magomeni

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa kwamba atawaamrisha watu wabadili umbile la Mwenyezi Mungu. Wengi wanaishia hapo wanafunga mlango. Lakini ipo pia hadithi ya sahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani siku ya Kulab kabla ya Uislamu. Alijitengenezea pua ya fedha ikaoza ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu, ilhali dhahabu kwa mwanamume imekatazwa. Kwa hiyo kurudisha kilichoharibika na kuondoa madhara kuna mlango wake, na mlango huo haukuanza jana. Wale watoto wa midomo sungura wanaoshonwa CCBRT pale Msasani, nani mwenye elimu atasema wazazi wao wamekosa?

Mkorogo hauna mlango huo, maana unaharibu kilicho kizima. Na kuhusu kubadili vinasaba vya kijusi, ninaloliogopa zaidi ni nasaba. Anayebadili mbegu amebadili kizazi ambacho hakijapata ulimi wa kukubali au kukataa. Hapo niko pamoja na mwanzisha uzi, ijapokuwa yeye ametokea njia ya sheria na mimi nimetokea msikitini.

---

Mama wa Kimara

Nimesita kuandika, lakini acha niandike.

Binti yangu ana selimundu, ana miaka 9. Anakunywa foliki asidi kila siku, na tangu aanzishiwe haidroksiurea amepungua kulazwa. Baridi ya Juni na Julai ikianza silali vizuri, namvalisha soksi na sweta, namnywesha maji, na bado usiku anaweza kuniita, mama mguu. Hayo maumivu huwezi kuyaeleza. Mtoto anabanwa hadi anaacha kulia.

Tulisikia Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imeanza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Furaha tuliyokuwa nayo! Kaka yake akapimwa, hawakulingana. Kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ya kulingana ni moja kati ya nne, na sisi tuna mmoja tu.

Sasa Mfamasia, kuna jambo hukuligusa. Hata hiyo tiba ya bilioni tano, kabla ya kurudishiwa chembe zilizorekebishwa mgonjwa anapewa dawa kali ya kuua uloto wa zamani, na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Wewe umesema hakuna mwenye haki ya kumwamulia mtoto mambo ya wajukuu wake. Ikitokea leo nikaambiwa ni bure, njoo na mtoto, mimi nitakuwa naamua kama binti yangu atazaa au hatazaa. Na nitaweka saini. Nataka uniambie kama kwa kipimo chako nitakuwa nimefanya kosa.

---

Mfamasia wa Temeke

Mama, pole sana kwa unayoyapitia. Hapana, hutakuwa umekosa. Wewe unaamua kwa ajili ya mtoto unayemsikia akiita usiku, na akipona mwenyewe ndiye atakayefaidi. Zaidi ya hapo unaweza kumuuliza. Casgevy ilipoidhinishwa 2023 ilikuwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na mtoto wa miaka 12 aliyeishi na ugonjwa anaujua kuliko mimi na wewe. Lakini umeonyesha kwamba mstari wangu si mnyoofu kama nilivyouchora, na sina namna ya kuunyoosha.

---

Darubini

Mimi ni mtu wa maabara, niongeze machache.

Kwanza, hawa watoto wa kuagiza. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu zaidi ya milioni 5 kutafuta kinachofanya mtu awe mrefu au mfupi. Yalipatikana mabadiliko zaidi ya 12,000, kila moja likichangia kidogo sana. Hakuna fundi wa kukata sehemu 12,000 kwenye kijusi kimoja bila kukiua. Akili ni ngumu zaidi ya urefu. Anayekuuzia mtoto mrefu mwenye akili anakuuzia maneno.

Rangi ya ngozi nayo si kinasaba kimoja. Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa utafiti uliofanywa kwa watu wa Ethiopia, Botswana na hapa Tanzania. Walikuta kwamba mabadiliko mengi yanayofanya ngozi iwe nyepesi na yale yanayoifanya iwe nyeusi zaidi ni ya zamani mno, na yote yamo Afrika. Wasan wa kusini ni weupe kiasi, Waniloti ni weusi sana, na wote ni Waafrika tangu mwanzo. Kwa hiyo hata anayesema kuna rangi halisi ya Mwafrika na nyingine ya kuazima hajui asemalo.

Pili, Mchina. Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza kwamba amebadili kinasaba cha CCR5 kwenye vijusi, na wamezaliwa mabinti pacha. Alidai anawakinga na virusi vya UKIMWI kwa sababu baba yao anavyo. Desemba 2019 mahakama ya China ilimfunga miaka 3 na faini ya yuani milioni 3. Sasa angalieni ubatili wake. Baba mwenye virusi anaweza kupata mtoto asiye navyo kwa kusafisha mbegu kabla ya kupandikiza mimba, njia iliyokuwepo tayari. Na hapa kwetu kila siku mama mwenye virusi anajifungua mtoto salama kwa kumeza vidonge vyake kama alivyoelekezwa kliniki. Vidonge! Yeye akachezea damu ya vizazi kwa jambo ambalo zahanati ya kata inaliweza. Na watoto wenyewe hakuwapa hata kile alichokusudia, maana mabadiliko yaliyotokea hayakuwa yale yanayojulikana kutoa kinga.

---

Jua la Saa Saba

Nimefuatilia tangu juzi nikisubiri kama kuna atakayetutaja. Mimi ni mtu mwenye ualbino.

Tanzania tuko wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, inakadiriwa mmoja kati ya watu 1,400. Wengi wetu ni mabadiliko kwenye kinasaba kiitwacho OCA2, mama anacho kimoja, baba anacho kimoja, wote weusi, halafu nazaliwa mimi na jirani anaanza kumuuliza mama maswali ya kijinga. Niliondoka Kanda ya Ziwa nikiwa mtoto. Hakikunikimbiza kinasaba. Walinikimbiza watu, kwa sababu ya waganga na wateja wao.

Sasa swali langu kwa mwanzisha uzi ni rahisi. Mmekubaliana hapa kwamba ugonjwa ni halali kuondolewa. Mimi nimo kwenye orodha hiyo? Siku mkasi ukishuka bei mtatufuta? Nauliza kwa sababu nimewahi kuambiwa na mtu mwema kabisa, kwa huruma, kwamba sayansi ikikua watu kama mimi hawatazaliwa tena. Alidhani ananifariji.

Na jingine. Wanaopaka mkorogo wanafuta melanini ileile ambayo mimi sina, na kwa kutokuwa nayo wenzangu wanakufa kwa saratani ya ngozi wakiwa vijana. Krimu ya jua inayotengenezwa KCMC Moshi kwa ajili yetu, kuna wenzangu vijijini wanaisikia tu. Mabinti wa mjini wanalipa fedha kuondoa kinga. Naumia nikiona.

---

Mfamasia wa Temeke

Kaka, nimesoma ujumbe wako nikaacha simu nikarudi kesho yake, kwa sababu sikutaka kukujibu harakaharaka.

Hapana, humo kwenye orodha. Nieleze kwa nini, na kama sababu haitoshi niambie. Kinachoua watu wenye ualbino ni viwili, jua na binadamu. Jua lina kofia, mikono mirefu, krimu, na daktari wa ngozi anayekuona mapema kidoa kikiwa kidogo. Binadamu wana polisi, mahakama na shule. Vyote viwili vinazuilika bila kumgusa mtoto hata herufi moja. Selimundu maumivu yake yamo ndani ya mshipa, hata ukimweka mtoto peponi atabanwa. Kumfuta mtu mwenye ualbino kwenye kijusi ili asiuawe ni kumwachia muuaji ushindi, halafu maabara ikaitwa tiba.

Lindi mwaka 2010 walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao kwa kura. Wapiga kura wale hawakuhitaji CRISPR. Kama jamii inaweza kubadilika hivyo, huko ndiko fedha na juhudi zielekee, na krimu ya jua ifike kila zahanati kabla hatujaongea lolote juu ya kuhariri ualbino.

Najua mwingine atasema uoni hafifu nao ni shida ya ndani, na tiba ya macho ikipatikana kwa mtu aliyekwisha zaliwa na anayeitaka, nitaiunga mkono kwa mikono miwili. Mtu akiwepo anaulizwa. Hilo ndilo ninaloling'ang'ania.

---

Mzee wa Ilala

Vijana mmejadili vizuri. Mimi niwakumbushe historia, maana naona mnaongea kana kwamba mambo haya yameanza na kompyuta.

Mwingereza Francis Galton ndiye aliyeipa jina la yujeniki, mwaka 1883, elimu ya kuzalisha binadamu bora kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Mjerumani Eugen Fischer alikwenda mwaka 1908 Rehoboth, Namibia ya leo, kuwapima watu waliochanganya damu, na maandishi yake yakawa chakula cha Wanazi. Mwaka 1933 Ujerumani ikatunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioitwa wenye kasoro za kurithi. Waliofanyiwa hivyo ni karibu 400,000. Na wote hao walijiita watu wa sayansi na walidhani wanatenda wema.

Sisi hapa tulipimwa tukiwa mafuvu, yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni. Fuvu la Mkwawa lilirudi 1954, mengine mengi yalibaki Berlin. Mwaka 2023 wataalamu wa kule walilinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro na vya watu walio hai, wakapata ndugu zao wa damu hapa Tanzania. Ndiyo kusema sayansi hiyohiyo iliyotumika kutudhalilisha inaweza kumrudisha babu kwa wajukuu. Ila mwenye kushika kisu nani, hilo ndilo la kuuliza. Tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wengi mnamjua Mkemia Mkuu kwa kesi za mtoto wa nani tu. Isomeni. Inahusu pia sampuli zenu zinachukuliwaje na zinakwenda wapi, na siku hiyo tiba itakapotaka kujaribiwa kwa watoto wetu, hapo ndipo pa kusimamia.

---

Kijana wa Tabata

Shikamoo Mzee, shikamooni wote mlionizidi. Samahani nitaurudisha uzi kwenye jambo langu.

Mimi na mchumba wangu tumepimwa, wote tumeambiwa tuna chembe ya selimundu ingawa hatuumwi. Mahari imeshapelekwa. Nyumbani kwao wanasema ni mambo ya wazungu, tuendelee. Mama yangu anasema niache. Nimesoma hapa kwamba kubadili kijusi si sawa, tiba ni bilioni tano, sasa mimi nifanye nini? Kuachana naye kwa sababu ya kinasaba si ni yaleyale ya Galton?

---

Mama wa Kimara

Mwanangu, mimi na baba watoto hatukupimwa. Ningejua, sijui ningefanya nini, na sitaki kukudanganya kwamba najua. Nampenda binti yangu hadi siwezi kutamani asingezaliwa. Lakini usiingie bila kujua unaingia wapi, na usimwache binti wa watu kwa kuambiwa na ndugu. Kaeni wawili.

---

Darubini

Kabla ya yote, mlipimwa kwa kipimo gani? Kile cha kuangalia kama chembe zinajipinda kinasema tu kwamba mundu umo, hakisemi kama mtu ana moja au mbili. Rudini mkapime cha kutenganisha himoglobini, hospitali kubwa za hapa Dar wanacho. Hamko peke yenu: Tanzania kati ya watu 100 wanaobeba chembe hiyo ni 13 hadi 20. Ilienea kwa sababu aliye na moja ana ahueni mbele ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti wa hapahapa Afrika Mashariki.

Mkithibitika wote mna moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne ya mbebaji kama nyinyi, na moja kati ya nne ya mtoto asiye nacho kabisa. Na ni kila mimba upya. Wa kwanza akiwa mgonjwa haimkingi wa pili.

---

Mfamasia wa Temeke

Mdogo wangu, tofauti yako na Galton ni kwamba yeye alitaka kuwaamulia watu wengine. Nyinyi mnaamua yenu, na mkioana hakuna mwenye ruhusa ya kuwanyooshea kidole, na mkiachana vilevile.

Uliniuliza ufanye nini, nami nitakujibu kama ningekuwa wewe. Ningempenda vya kutosha ningeoa. Ningekwenda naye kliniki ya selimundu kabla ya harusi, wawili, tuongee na daktari na tuone watoto wenyewe wanavyoishi. Ningeweka akiba ya matibabu na bima kabla ya akiba ya ukumbi. Na mimba ikitungwa ningehakikisha mtoto anapimwa siku za mwanzo kabisa baada ya kuzaliwa, kwa sababu akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini ya kinga na chanjo kabla maambukizi hayajamwahi. Hiyo penisilini hata dukani kwangu ipo, na bei yake haifiki ya kopo moja la mkorogo.

Mkishapima kipimo alichokitaja Darubini rudi hapa utuambie. Kama mmoja wenu hana, mjadala wa nyumbani kwenu umekwisha siku hiyohiyo.